Muuaji Mwenye Brashi: jinsi ya kuandika riwaya ya msanii muuaji, mwisho wa reli

Riwaya nyingi za msanii muuaji hufia sura ya tatu. Sura ya kwanza mtu ni mchoraji, vidole vimejaa rangi, macho yake "ya ajabu". Sura ya pili anaua. Kuanzia ya tatu brashi imesahaulika kwenye kopo, tunabaki na jamaa mwenye kisu ambaye angeweza kuwa bodaboda au karani wa halmashauri na hadithi isibadilike hata nukta.

Mwongozo huu ni wa kuzuia hilo. Nitautembeza Kigoma mjini, mwisho wa reli kando ya Ziwa Tanganyika, na nitatumia mfano mmoja: Fundi Melkiori, mchoraji wa mabango na majina ya boti, mwenye kibanda mtaa wa Mwanga. Ni mtu wa kubuni. Mwibe ukitaka, ila mbadilishie jina na mtaa.

Hatua ya 1: Mpe kazi kabla ya kumpa silaha

Usianze na maiti. Anza na kazi inayomlipia kodi ya chumba. Huku kwetu mchoraji ni fundi kama fundi mwingine: anaandika "Duka la Dawa" ukutani, anachora kuku mzima juu ya banda la chipsi, anashuka mwaloni Kibirizi kuandika majina kwenye ubavu wa boti. Jua anatumia nini. Rangi ya mafuta ya kopo, thina, msasa, hadibodi, brashi tatu nzuri na moja ya kupigia usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha. Hiyo haina aibu yoyote. Edward Said Tingatinga mwenyewe alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Kaa kibandani kwa fundi wa kweli siku nzima, umnunulie soda, uangalie. Utaona anavyochora mstari kwa kalamu ya risasi kabla ya herufi. Utaona kidole cha mwisho kinavyoegemea ubao ili mkono usitetemeke. Utaona kopo la rangi lililoachwa wazi likifunga utando juu, na fundi akiupasua kwa msumari ili afikie rangi mbichi chini. Huo utando una thamani kuliko kurasa kumi za "alikuwa mtu mwenye siri nzito".

Kama unataka kuona wasanii walioua kweli, historia ya Ulaya inao, na kila mmoja ana funzo tofauti kwa mwandishi. Caravaggio, mchoraji wa Italia, alimuua Ranuccio Tomassoni mjini Roma mwaka 1606, akakimbia, akaendelea kuchora huku akitafutwa hadi alipokufa 1610; katika mchoro wake mmoja Daudi ameshika kichwa cha Goliati, na wataalamu wengi wanasema sura ya kile kichwa ni ya mchoraji mwenyewe. Carlo Gesualdo, mtunzi wa muziki kutoka ukoo wa wakuu, alimuua mkewe na mpenzi wa mkewe huko Napoli mwaka 1590 na hakushitakiwa. Richard Dadd wa Uingereza alimuua baba yake mwaka 1843, akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na humo humo akachora kazi zake zinazosifiwa mpaka leo.

Angalia lakini: hakuna hata mmoja kati yao aliyeua *kwa ajili ya* sanaa. Mmoja ugomvi, mmoja wivu na heshima, mmoja maradhi. Msanii anayeua kwa ajili ya kazi yake ni kiumbe wa riwaya. Kwa hiyo wewe ndiye mwenye deni la kumfanya aaminike, na deni hilo unalilipa hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Tafuta sababu ndani ya kazi yenyewe

Utoto wa mateso umechoka. Mama mkali, baba mlevi, mbwa aliyenyongwa akiwa na miaka saba: msomaji ameshakutana navyo vyote. Jiulize badala yake, kazi hii inamnyima nini huyu mtu?

Kwa Melkiori jibu liko wazi kwa yeyote aliyewahi kuishi karibu na fundi. Mtu akiwa hai hakuna anayetoa hela achorwe. Atapiga picha kwa simu, yaishe. Akifa, daftari la michango linazunguka, kamati ya mazishi inakaa, na mtu anasema, "Jamani, na picha kubwa ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza?" Hapo fundi anaitwa. Anachora uso kwa makini, watu wanasimama mbele yake wanalia, wanasema "ndiye kabisa, kabakia kusema tu." Mara ya kwanza maishani kazi yake inaangaliwa. Siku ya pili yuko ukutani anaandika "Usikojoe Hapa".

Unaona inakoelekea. Huhitaji kumpa wazimu. Mpe kwanza msiba mmoja aliosifiwa, kisha miezi ya ukame, kisha mzee mgonjwa jirani ambaye "atakufa tu hivi karibuni". Anaanza kumchora mapema, kwa kujiandaa. Mzee anapona. Picha iko tayari.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo injini ya kitabu chote. Ukiipata ya kwako, iandike kwenye karatasi uibandike ukutani.

Hatua ya 3: Na ushahidi nao utoke kwenye kazi

Hapa ndipo waandishi wengi wanakimbilia alama za vidole na kamera za CCTV. Acha. Msanii akamatwe na sanaa yake.

Rangi ya mafuta haikauki kwa matakwa ya mtu. Ikipakwa nyembamba inashikika baada ya saa kadhaa, ila kukauka hadi ndani ni habari nyingine, na picha ya uso ina tabaka juu ya tabaka: usuli, ngozi, vivuli, mng'ao wa macho, halafu maandishi. Kigoma mvua huanza karibu Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Miezi hiyo hewa ni nzito na kila tabaka linachelewa. Sasa chukua familia iliyoagiza picha Alhamisi jioni kwa mazishi ya Jumamosi. Mpwa wa marehemu anabeba ubao kichwani, kidole gumba kinagusa ukingo penye rangi nene. Pakavu, pagumu. Hapanuki thina. Lakini chini, kwenye maandishi, tarehe ya kuzaliwa imekauka na tarehe ya kufa inamwachia weusi kwenye kidole.

Usimfanye mpwa aelewe papo hapo. Ajifute kwenye suruali, aendelee na msiba. Msomaji aelewe kwanza. Halafu baada ya sura nne au tano, fundi mwingine, mpinzani wa Melkiori, aseme kwa dharau tu kwamba kazi ya tabaka zile masika haitoki kwa siku mbili, huyo atakuwa aliianza wiki iliyopita.

Jambo moja la kitaalamu ambalo hadithi hizi huliharibu karibu kila mara: damu haibaki nyekundu. Ikikauka inageuka kahawia, kisha inakaribia weusi. Msanii anayechora kwa damu na picha ikang'aa kama nyanya ya matangazo hajawahi kuona damu, na aliyemwandika hajawahi pia. Melkiori hagusi damu. Ni fundi, anajua rangi ipi inadumu. Ukitaka kutisha, mfanye aikatae damu kwa sababu hiyo hiyo: inachuja.

Hatua ya 4: Acha mji umbane

Mandhari ya Kigoma si pambo la kuweka mwanzoni mwa sura. Yafanye yamzuie muuaji, yamcheleweshe, yamlazimishe kubadili mpango.

Anza na usiku. Mwandishi wa mbali atachagua usiku wa giza totoro kwa uhalifu wa ziwani, na hapo hapo mtu wa Katonga, kwenye mwalo wa wavuvi, atakifunga kitabu. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri mwezi usipokuwepo. Usiku wa giza ndipo ziwa linajaa: mstari wa taa hadi upeo wa macho, kila taa ina watu macho, wanaimba, wanatukanana, wanasikiliza redio. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika, nyavu zinashonwa, ziwa linakuwa tupu. Kwa hiyo muuaji anayeijua Kigoma anangoja mwanga. Hilo peke yake linaigeuza hadithi yako chini juu, kwa sababu sasa anaonekana vizuri ila hakuna wa kumwona, isipokuwa mmoja aliyeugua akabaki nchi kavu.

Tengeneza kalenda ya riwaya kabla ya kuandika, na safu moja iwe ya mwezi. Wazee wa Ujiji wanaofuata tarehe za Kiislamu watakurahisishia: tarehe 14 na 15 mwezi umejaa, mwisho wa mwezi giza. Na kama hadithi yako ni ya mwaka 2024, kumbuka Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Miezi mitatu ya ziwa bila taa. Kwa mwandishi wa riwaya ya giza hiyo ni zawadi. Wavuvi hawakuiona hivyo.

Kisha ziwa lenyewe. Lina kina cha karibu mita 1,470 panapozidi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na kilindini maji hayana oksijeni wala samaki. Kishawishi cha kutupa maiti humo ni kikubwa. Kataa, angalau mwanzoni. Melkiori *anataka* maiti ionekane. Bila maiti hakuna matanga, bila matanga hakuna kamati, bila kamati hakuna picha. Ziwa linamnyima soko. Ndiyo maana watu wake wanakufa vitandani, njiani, kwenye ngazi, vifo ambavyo mtaa unasema "Mungu kapenda".

Halafu, theluthi ya mwisho ya kitabu, mmoja amponyoke aanguke majini. Familia inamtafuta, redio inatangaza, mama anakataa kukata tumaini. Na kibandani Mwanga, nyuma ya mabango, kuna picha iliyokamilika ya mtu ambaye bado hajatangazwa kuwa amekufa, tarehe moja imeandikwa, nafasi ya pili tupu. Hapo ndipo unamwingiza mpelelezi. Mimi sijui mwisho mzuri kuliko huo kwa mfano huu, ila wa kwako utategemea sentensi uliyoibandika ukutani.

Mambo mengine ya mji, kwa haraka. Mwisho wa reli maana yake hakuna treni ya kwenda mbele: reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1914 ikaishia hapa, na mtu anayekimbia ana njia ya kurudi Uvinza na Tabora, barabara ya Kasulu, au boti. Ukimpandisha treni, jua haiondoki kila siku, kaangalie ratiba. Kama hadithi ni ya zamani kidogo, umeme ni wa majenereta ya dizeli na mgao wake. Na upepo wa kusi, katikati ya mwaka, unaweza kuikatalia boti safari hata kama njama yako inataka ivuke.

Tofauti ya Ujiji na Mwanga katika mazishi usiipite juu juu. Muislamu huzikwa upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo, na hakuna picha ya marehemu mbele ya jeneza. Melkiori hana biashara huko. Wateja wake ni Wakristo, ambao msiba wao unaweza kungoja ndugu kutoka Dar siku mbili tatu. Mpelelezi mwerevu atagundua hilo kabla ya kugundua chochote kingine: vifo vya ghafla viko mtaa huu tu, ng'ambo ya pili hakuna.

Hatua ya 5: Polisi, daktari, mahakama

Usiandike upelelezi wa filamu. Mtu akifa kwa mashaka, habari inaanza kwa mwenyekiti wa mtaa, inakwenda kituoni, faili likiwa zito linafika kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, ambaye watu wote wanamwita RCO. Maiti inapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni. Sampuli za vinasaba husafiri kwenda maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu hayaji kesho asubuhi. Kungoja huko kutumie: ndiko kunakompa muuaji nafasi ya picha moja zaidi. Kama mtu ameshazikwa, kufukua kaburi kunahitaji amri ya kisheria, na kunahitaji pia kuwakabili wazee wa ukoo, jambo ambalo ni gumu kuliko amri.

Mauaji ya kukusudia yako kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake, kifungu cha 197, ni kunyongwa hadi kufa. Hakuna aliyenyongwa Tanzania tangu 1994, ila majaji bado wanatamka hukumu hiyo. Dhamana hakuna. Mshitakiwa akipandishwa mara ya kwanza mbele ya hakimu huambiwa asijibu lolote, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shauri la mauaji hadi lifike Mahakama Kuu. Wasomaji wengi hawalijui hili, na ni tukio zuri sana: mtu aliyejiandaa kujieleza kama msanii, kichwani ana hotuba nzima, anaambiwa "usijibu", anarudishwa rumande.

Kesi kama ya Melkiori itakuwa ya ushahidi wa mazingira. Hapo kila kiungo cha mnyororo lazima kishike, na ushahidi wote uelekeze kwake bila kuacha maelezo mengine yanayoingia akilini. Wakili wake atasema: mteja wangu anajiandaa mapema, je, kujiandaa ni kosa? Fundi seremala naye ana majeneza tayari dukani. Mpe wakili hoja nzuri. Kama huwezi kumjibu wewe, ongeza ushahidi mmoja.

Mpelelezi ningemfanya koplo wa kike, binti wa wavuvi, anayejua mwezi kuliko bosi wake. Hiyo ni hiari yako.

Hatua ya 6: Uchawi na wageni

Vifo vikifuatana mtaani, neno la kwanza litakuwa uchawi. Usilikwepe, itakuwa uongo. Mkoa wa Kigoma unawajua kamchape, wale wanaopita vijijini wakidai kufichua wachawi, na unajua kinachompata bibi kizee aliyenyooshewa kidole. Hili litumie kama shinikizo: kadiri mpelelezi anavyochelewa, ndivyo mtu asiye na hatia anavyokaribia kuchomewa nyumba. Ila usifanye uchawi kuwa jibu la fumbo. Msomaji aliyehesabu tarehe na tabaka za rangi pamoja nawe atajiona ametapeliwa.

Hivyo hivyo kwa Mkongo na Mrundi. Kambi ya Nyarugusu iko huko Kasulu tangu 1996, na kila jambo baya likitokea kuna mtu wa kusema "hao wakimbizi". Mtu wa Kigoma mwenyewe akifika Dar huulizwa kama ni Mrundi, kwa hiyo anajua uchungu wake. Mchoraji wa Kikongo aliyevuka kutoka Kalemie anaweza kuwa mshukiwa wa kwanza wa polisi. Mpe ufundi, mpe ucheshi, na awe ndiye yule fundi mpinzani anayesema lile neno kuhusu rangi kukauka.

Hatua ya 7: Tishia bila kuchinja

Tukio la kutisha kuliko yote liwe halina damu kabisa. Hili hapa, la katikati ya kitabu, baada ya msomaji kujua habari ya nafasi tupu ya tarehe:

"Hodi, fundi."

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba baba. Wewe ndiye unayechora watu?"

"Ndiye. Poleni sana. Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu. Nataka unichore mimi." Mama alicheka, akarekebisha kanga begani. "Watoto wako mbali, nao wanichungulie ukutani."

Melkiori aliisuuza brashi taratibu kwenye thina, akaifuta, akaisuuza tena ingawa ilikuwa safi.

"Mwaka wa kuzaliwa, mama?"

"Hamsini na sita. Kwani unaandika na miaka?"

"Naandika, mama. Ndiyo kawaida yake."

Hakuna aliyeguswa. Lakini mama huyu ndiye mtu wa kwanza kumwomba picha akiwa hai, yaani amempa kile ambacho Melkiori alikuwa akiua watu ili akipate. Je, atamwacha? Wewe mwandishi usiamue haraka. Muache aje mara tatu kukaa mbele ya ubao, amletee ugali na migebuka, amsimulie habari za mumewe.

Mauaji yenyewe ukilazimika kuyaonyesha, onyesha dakika moja kabla na saa moja baada. Vilivyo katikati msomaji atavijaza mwenyewe, vibaya kuliko wewe.

Hatua ya 8: Itoe vipande vipande, ila shika mwisho

Wasomaji wengi wa hadithi hizi wanazipata kwenye simu, sehemu ya kwanza, ya pili, ya ishirini. Andika kwa kujua hilo: kila sehemu iishie kwenye kitu kinachoonekana, kidole chenye weusi, ubao uliogeuzwa ukutani, badala ya "je, nini kitatokea? Usikose." Sehemu za mwanzo zitoe bure. Usianze kutoa hata moja kabla rasimu nzima haijaisha, maana kalenda ya mwezi na ya rangi haisameheki: ukishatangaza kwamba usiku ule palikuwa na mbalamwezi, huwezi kurudi.

Kwa kitabu cha karatasi, namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na COSOTA ndiko unakosajili hakimiliki. Fanya hivyo kabla kazi haijaanza kuzunguka kwenye magrupu bila jina lako. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ina kipengele cha riwaya. Soma masharti ya mwaka husika, hasa kuhusu kazi iliyokwisha kuchapishwa mtandaoni, kabla hujabandika sehemu ya kwanza.